Mofini Kwanza, Pumzi Baadaye

Mofini ya maji hunywewa kila baada ya saa nne. Ndivyo Shirika la Afya Duniani lilivyoelekeza tangu 1986: kwa mdomo, na kwa kufuata saa, si kumngoja mgonjwa alie ndipo apewe. Dozi ya kulalia huweza kuongezwa maradufu ili asiamshwe usiku wa manane. Kwenye karatasi mambo yamekaa sawa. Lakini aliyewahi kuuguza mtu wa saratani katika chumba kimoja cha Kayole au Dandora, huku Eastlands ya Nairobi, anajua kwamba saa nne hizo hazifanani. Ya kwanza dawa inapanda. Ya pili na ya tatu mgonjwa anaongea, pengine hata anacheka na wajukuu. Ya nne anaanza kuitazama saa ukutani. Halafu kuna maumivu yanayochomoza katikati ya dozi, akijigeuza, akikohoa, akishikwa mkono kupelekwa chooni mwisho wa kordo, na kuna woga wa kuyangoja hayo maumivu.

Katika nafasi hiyo, kati ya dozi na dozi, ndipo kutafakari kwa uzingativu kunapoweza kumfaa. Uzingativu ni zoezi lililotoka kwa Wabudha: mtu anatuliza fikira zake kwenye kitu kimoja kilichopo sasa hivi, aghalabu pumzi yake, na kila fikira zikitoroka anazirudisha bila kujikemea. Siku hizi zoezi hili linauzwa hadi kwenye programu za simu, na wapo wanaolisifu kana kwamba linaondoa maumivu yenyewe. Haliondoi. Lina kazi, nami nitaieleza, ila kazi hiyo huanza chupa ya mofini ikishafika nyumbani, si kabla.

Tuanze na maumivu yenyewe, maana hayatoki kwenye uvimbe yakafika kichwani vile vile yalivyo. Saratani huumiza kwa njia nyingi. Ikiingia kwenye mfupa huleta maumivu mazito ya ndani kabisa, yanayoamka mtu akisogea. Ikibana neva huchoma na kupiga shoti. Kemo nazo huacha ganzi na moto kwenye vidole. Habari zote hizo hupitia uti wa mgongo, na mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba pale kwenye uti pana lango: habari ya maumivu inaweza kuachiwa ipite yote au kupunguzwa, na ubongo una kauli katika uamuzi huo. Ikifika juu haipokelewi na sehemu moja. Zipo sehemu za ubongo zinazosema ni wapi panauma na kwa nguvu gani, na zipo nyingine zinazosema ni vibaya kiasi gani, na kunamaanisha nini.

Hilo la mwisho ndilo zito. Mama aliyemaliza matibabu ya titi akisikia kichomi mbavuni hasikii kichomi tu. Anasikia kwamba ugonjwa umerudi. Jirani yake aliyepandisha mtungi wa maji hadi ghorofa ya nne ana kichomi hicho hicho, na kufikia jioni amekisahau.

Wabudha walilisema hili kabla ya mtu yeyote kuupima ubongo. Katika mahubiri yake moja, Buddha anamfananisha asiyefunzwa na mtu aliyechomwa mshale, na papo hapo akachomwa wa pili. Wa kwanza ni maumivu ya mwili, ambayo hata mwenye hekima hayaepuki. Wa pili ni huzuni, hasira na kujililia vinavyofuata. Aliyefunzwa huchomwa mmoja tu. Mahubiri mengine, yale ya kuweka misingi ya uzingativu, yanaeleza namna ya kujifunza: mtu aanze na pumzi, apite mwilini, kisha atazame hisia jinsi zinavyokuja, ya kupendeza, ya kuchukiza, au isiyo hivi wala vile, kabla moyo haujaanza kuikimbilia au kuikimbia.

Ila Wabudha wenyewe hawakulibuni zoezi hili liwe dawa ya kutuliza maumivu, na kuna kisa kimoja kinachonyoosha jambo hili kuliko maelezo yangu. S. N. Goenka alikuwa mfanyabiashara wa asili ya Kihindi aliyezaliwa Burma. Kipandauso kilimtesa hadi akawa anachomwa sindano za mofini, na hofu ikamwingia kwamba atakuwa mtumwa wa dawa. Mwaka 1955 akaenda kwa Sayagyi U Ba Khin, mwalimu wa kutafakari ambaye, kwa kazi yake ya mchana, alikuwa mhasibu mkuu wa serikali. U Ba Khin akamkatalia. Alimwambia kwamba kama ametafuta mafundisho ili kichwa kipone, amekosea mlango; mafundisho ni ya kumtoa mtu katika mateso ya maisha yote, na kichwa kikipona njiani hiyo ni nyongeza. Goenka aliyakubali masharti, akafunzwa, na baadaye akayasambaza mafundisho hayo duniani kote.

Kisa hicho kina mambo mawili yanayofaa Eastlands. La kwanza ni hilo la mwalimu kukataa kuuza asichonacho. La pili ni hofu ya mofini, ambayo katika nyumba za Umoja na Kariobangi ingali hai. Watu husema mofini ni dawa ya anayekufa kesho, au kwamba mgonjwa atakuwa teja wa dawa za kulevya. Kipandauso cha Goenka na saratani iliyoingia mfupani ni mambo mawili tofauti. Mgonjwa wa saratani anayepewa mofini ya kunywa kwa kipimo na kwa saa ni nadra kuwa mraibu. Mwili wake utaizoea, ndiyo, na kwa sababu hiyo haikatwi ghafla, hupunguzwa polepole. Itamfunga choo, kwa hiyo apewe dawa ya kulainisha tangu siku ya kwanza. Siku mbili tatu za mwanzo huenda akasinzia. Hayo ndiyo ya kuambiwa familia, tena yaambiwe mapema.

Aliyeligeuza zoezi hili kuwa huduma ya hospitali ni Mmarekani Jon Kabat-Zinn. Mwaka 1979, katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, alianzisha kliniki ya wagonjwa ambao madaktari walikuwa wamefikia mwisho wa kuwasaidia, wengi wakiwa na maumivu sugu. Aliwapa mafunzo ambayo yalikuja kuwa ya wiki nane: kulala chali na kuupitia mwili kiungo kwa kiungo, kukaa na kuifuata pumzi, kujinyoosha taratibu, na kazi ya kufanyia nyumbani kila siku. Aliyavua mafunzo mavazi ya Kibudha kwa makusudi, ili mgonjwa wa dini yoyote asitishike. Wengine wanaona alifanya vyema. Wengine wanasema aliuchukua ufunguo akaacha nyumba. Kwa mgonjwa wa maumivu mjadala huo unaweza kungoja.

Huku kwetu Afrika Mashariki Ubudha si mgeni kabisa, ingawa ni wachache wanaoufahamu. Dar es Salaam kuna hekalu lililoanzishwa na Wasinhala waliokuja kufanya kazi mwanzoni mwa karne ya 20. Karibu na Entebbe kuna kituo kilichoanzishwa mwaka 2005 na Bhante Buddharakkhita, Mganda aliyekutana na watawa wa Kithai alipokuwa masomoni India mwaka 1990, akarudi nyumbani amevaa joho. Hakuna haja ya mgonjwa wa Buruburu kusafiri hadi Entebbe kujifunza kutazama pumzi. Nawataja kwa sababu moja: anayedhani kwamba jambo hili ni la Wazungu wenye mikeka ya mazoezi ajue kwamba pana Mwafrika wa Mashariki aliyelichukua kwa uzito wake wote.

Sasa ushahidi. Mwaka 2011 Fadel Zeidan na wenzake huko North Carolina waliwafunza watu 15 wenye afya kwa siku nne, dakika 20 kila siku, kisha wakawagusisha kifaa cha moto mguuni huku ubongo ukipigwa picha. Waliokuwa wakitafakari walisema nguvu ya maumivu ilipungua kwa asilimia 40, na ubaya wake kwa asilimia 57. Angalia jinsi namba hizo mbili zilivyoachana: ubaya ulishuka kuliko nguvu, sawasawa na ule mshale wa pili. Miaka mitano baadaye kundi hilo lilitoa matokeo mengine. Waliwapa watu dawa inayozuia mofini ya asili ya mwili isifanye kazi, na bado kutafakari kulipunguza maumivu. Maana yake ni kwamba zoezi hili hupitia njia nyingine, tofauti na ya mofini. Kwa mgonjwa hiyo ni habari njema, kwa sababu viwili vinavyopita njia tofauti vinaweza kusaidiana.

Lakini watu wale walikuwa wazima, na moto ule walijua utaondolewa. Saratani haiondolewi kifaa kikizimwa. Utafiti unaokaribia hali yetu ni wa Denmark, uliochapishwa 2016: wanawake 129 waliokuwa wamemaliza matibabu ya saratani ya titi na kubaki na maumivu. Waliopewa mafunzo ya wiki nane walipata nafuu ya wastani kuliko walioachwa wasubiri zamu. Ni nafuu ya kweli, ya kiasi, kwa watu waliokuwa na nguvu za kuhudhuria darasa. Kwenye hofu na huzuni za wagonjwa wa saratani ushahidi ni mzito zaidi, kiasi kwamba mwaka 2023 madaktari wa saratani wa Marekani waliuingiza uzingativu katika mapendekezo yao rasmi kwa matatizo hayo mawili. Kwa hiyo anayeahidi kwamba pumzi itayeyusha maumivu ya mfupa anatia chumvi. Anayesema itapunguza woga unaoyakuza maumivu ana msingi.

Hapa ndipo nafarakana kidogo na fundisho la mishale, au tuseme na wanaolihubiri. Wanasema mshale wa pili mtu hujichoma mwenyewe. Mtaani kwetu mara nyingi una mkono mwingine nyuma yake. Mwaka 2022 ilikadiriwa kwamba Kenya ilipata wagonjwa wapya wa saratani karibu 45,000, na waliofariki walizidi 29,000. Wengi hugunduliwa ugonjwa umeshaenda mbali. Mgonjwa wa Komarock anayehitaji mionzi ataipita Mama Lucy Kibaki, hospitali iliyo karibu naye, aingie mjini, abadilishe matatu hadi Hospitali ya Kenyatta, na kila tuta la barabarani litaupigia hodi mfupa wake. Bima ya NHIF iliondoka Oktoba 2024 ikaja bima mpya ya SHA, na familia ikalazimika kujifunza upya inalipiwa nini na inajilipia nini. Kikundi cha WhatsApp cha harambee kimenyamaza tangu wiki jana. Mwenye nyumba anabisha. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mtu asimwambie mgonjwa huyu kwamba mateso yake ya ziada ni fikira tu za kutazamwa zipite.

Cicely Saunders, muuguzi aliyesomea udaktari na kufungua Hospisi ya St Christopher's London mwaka 1967, alikuwa na fikira inayotutosha zaidi hapa. Alisema maumivu ya anayekaribia mwisho ni ya jumla: ya mwili, ya moyo, ya jamaa na fedha, na ya roho, na kila moja hutaka jibu lake. Fikira hiyo ndiyo iliyozaa Hospisi ya Nairobi mwaka 1990, katika eneo la Hospitali ya Kenyatta, ya kwanza nchini. Daktari wake wa mwanzo, Anne Merriman, alikuja na ujuzi wa kutengeneza mofini ya maji aliokuwa ameutumia Singapore: unga wa mofini, maji na kihifadhi, basi, dawa rahisi kiasi cha kushangaza. Alivuka akaanzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, na tangu 2004 Uganda ikawaruhusu wauguzi waliofunzwa kuandika mofini wenyewe. Kenya ilikawia. Shirika la Human Rights Watch lilipochunguza mwaka 2010 lilikuta mofini ya kunywa katika hospitali 7 tu kati ya 250 hivi za umma. Tangu hapo vitengo vya tiba shufaa, yaani tiba ya kumpunguzia mgonjwa mateso, vimefunguliwa katika hospitali nyingi, lakini namba ile haifai kusahauliwa. Nchi yenye mofini hospitali saba ikianza kufundisha wagonjwa kutafakari, inawafundisha kuvumilia uzembe wake.

Tuseme basi mofini ipo, na bili ina mtu wa kuihangaikia. Zoezi lifanywe vipi katika chumba cha futi kumi kwa kumi, redio ya jirani ikiwa ukutani, matatu zikipiga honi Jogoo Road, kesha likiendelea upande wa pili? Wengi hudhani kimya ni sharti. Si sharti. Sauti yenyewe inaweza kuwa kitu cha kutuliza fikira: isikike ikija, ikizidi, ikififia, bila kuulizana na aliyeipiga. Nina wasiwasi zaidi na pumzi kuliko na kelele. Vitabu vingi huanza na pumzi, lakini mwenye saratani ya mapafu anayehema kwa shida ukimwambia aitazame pumzi yake utamtia kiwewe. Huyo aanze na nyayo au viganja. Hata kwa wengine ni salama kuanza mbali na panapouma. Muuguzi anayetembelea nyumba anaweza kuongea hivi:

“Mama, usijilazimishe kukaa, lala hivyo ulivyo. Nyayo zako zinagusa blanketi? Ziko na joto ama baridi? Kaa hapo kwa nyayo kidogo. Mawazo yakienda kwa bili si kosa, yarudishe polepole. Sasa tusogee karibu na hapo panapouma, tusiingie, tukae pembeni. Panachoma ama panavuta? Mwisho wake uko wapi? Yakizidi, turudi kwa nyayo.”

Dakika tano zinatosha, hata tatu. Darasa la wiki nane ni la mtu mwenye nauli. Kinachotokea, kikitokea, ni kwamba yale yaliyokuwa “maumivu” kwa jumla yanagawanyika: hapa panachoma, hapa pamekaza kwa sababu nimekunja taya na bega tangu asubuhi, na hapa ni hofu ya usiku. Taya na bega vinaweza kulegezwa papo hapo. Hofu ikishatambuliwa kuwa hofu inaweza kuzungumzwa. Panapochoma panabaki pakichoma, na hiyo ndiyo sehemu ya mofini.

Swali litakalofuata ni la haki kabisa: “Sista, haya ni ya kanisa gani?” Asifichwe. Aambiwe yalitoka kwa Wabudha wa Asia, kwamba yanavyofundishwa hospitalini hayana sala wala sanamu, na kwamba akiona hayapatani na imani yake aache bila lawama. Mkatoliki wa Makadara atasema ana rozari. Mwislamu wa Pumwani ana tasbihi na dhikri. Navyo hutuliza, kwa marudio na kwa pumzi inayoyafuata, na mgonjwa mwenye navyo asinyang'anywe ili apewe kigeni. Tofauti ni kwamba sala inaelekezwa kwa Mungu, wakati uzingativu hauelekezwi kwa yeyote, ni kutazama tu. Kwa hiyo hakuna kinachokalia kiti cha kingine. Mtu anaweza kuzitazama nyayo zake dakika tatu, kisha akashika tasbihi.

Kuna maumivu ambayo hayapaswi kutazamwa hata dakika moja. Mgongo ukianza kuuma upya na miguu ikalegea, au mkojo ukakataa kuzuilika, huenda uvimbe unabana uti wa mgongo. Ni hospitali siku hiyo hiyo, maana kukawia kunaweza kumwacha mtu hawezi kutembea tena. Homa baada ya kemo ni hivyo hivyo. Maumivu mapya ya ghafla ni hivyo hivyo. Wapo pia ambao kufumba macho na kuupitia mwili huwarudishia mambo mabaya waliyotendewa zamani. Hao waachwe macho wazi, au wasifanye kabisa.

Nani afundishe? Wauguzi wa tiba shufaa ni wachache na wana wagonjwa tele. Tangu Septemba 2023 serikali imewapa vifaa wahudumu wa afya ya jamii karibu 100,000, watu wanaojua mlango wa kila nyumba mtaani. Mwenye moyo kati yao anaweza kufunzwa maneno yale machache ya nyayo na blanketi, na amfunze mgonjwa pamoja na binti anayemlinda, ambaye naye hajalala wiki mbili na mkono unamtetemeka akipima dozi ya saa kumi alfajiri. Ila kabla ya yote aulize lile swali la hospisi: kutoka sifuri hadi kumi, maumivu ni ngapi sasa? Mgonjwa akisema tatu au nne, wanaweza kuanza na nyayo. Akisema nane, somo limeahirishwa. Mhudumu anatoa simu, anampigia muuguzi, wanazungumza kuhusu dozi.